Unajenga Dodoma? Namna ya kukaa na msanifu wako mpaka mkaelewana

Wateja wengi hawaambiwi hiki kitu kwahiyo ngoja nianze nacho. Ile ramani unayotumiwa kwenye PDF hakuna aliyezaliwa anajua kuisoma na hamna aibu yoyote kusema sielewi. Mtu ana digrii mbili, anaongoza idara nzima pale Mtumba kwenye mji wa serikali, ukimwekea plani mezani anaitazama kidogo alafu anaitikia "iko vizuri mhandisi, endelea tu". Kwanza mimi sio mhandisi, pili haiko vizuri, hajaiona. Na mchoraji naye anajua kabisa kwamba mteja hajaiona ila ananyamaza maana anataka wasogee hatua inayofuata alipwe awamu yake. Nyumba nyingi za hapa mjini zinaharibikia hapo, sio kwa fundi kama watu wanavyosema, zinaharibikia mezani ambapo watu wawili wameheshimiana mpaka wakashindwa kuulizana.

Mimi niko upande wa wachoraji, kazi zangu ni hapahapa Dodoma, Iyumbu, Nzuguni, Nkuhungu, Mkonze huko, na nyingine Kondoa na Mpwapwa za watu wanaojengea wazazi. Kwahiyo nitasema ya pande zote mbili.

Jua unaongea na nani

Hili fupi. Msanifu majengo ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, wenyewe tunaiita AQRB, ipo kwa sheria ya mwaka 2010. Anayepiga hesabu za nondo, nguzo na msingi ni mhandisi, huyo bodi yake ni ERB. Anayekupa makadirio, yaani ile BOQ, ni mkadiriaji. Mkandarasi bodi yake CRB. Kijana anayejua kuchora kwenye kompyuta anaweza akawa mzuri sana kwa kuchora ila muulize mapema nani anasaini, maana ukifika kwenye kibali utahitaji mhuri wa mtu, na mhuri wa kuazima una shida zake pale nyumba ikipasuka na mwenye mhuri hata kiwanja chako hakijui kiko wapi.

Na zile ramani za kununua, vyumba vitatu masta moja, zinazorushwa kwenye magrupu. Sizikatai, zinasaidia kupata mawazo. Ila aliyeichora hakujua geti lako liko upande gani wala jua linakupigia wapi.

Usije na idadi ya vyumba, njoo na siku yako

Mteja akifika anaanza hivi: nataka vyumba vinne, viwili masta, sebule kubwa, dining, jiko, stoo, choo cha public. Hiyo ni orodha ya kila mtu Tanzania nzima, haijaniambia chochote kuhusu wewe. Kinachonisaidia ni unielezee siku yako ilivyo toka unaamka mpaka unalala, nani anaamka wa kwanza, nani anapita wapi, ugali unapikwa na nani na unapikiwa wapi.

Hilo la ugali nalisemea kwa nguvu. Watu wanachorewa jiko zuri la makabati na gesi, alafu unakuja baada ya mwaka unakuta maisha yote yako nyuma ya nyumba, jiko la mkaa liko kwenye koridoni ya nje, dada anapikia kwenye jua au anapikia mlangoni moshi wote unaingia ndani, jiko la kabati limebaki la kuchemshia chai. Maharage hayachemshwi na gesi kwenye familia ya watu nane jamani, tunajuana. Sasa kama ungesema toka mwanzo "sisi mkaa tunatumia", unachorewa kibaraza cha nyuma chenye paa, sinki la nje, sehemu ya kuweka gunia la mkaa lisilowe, na mlango wa kutoka jikoni kwenda pale, gharama yake ni ndogo. Ila mteja anaona aibu kumwambia msanifu habari za mkaa, anadhani anatakiwa aongee mambo ya kisasa.

Vingine vya kusema hata asipokuuliza, na hivi wengi hawaulizi:

- Wazazi watakuja kukaa? Kama magoti yanamsumbua mama, chumba chake kiwe karibu na choo na kusiwe na ngazi hapo katikati, hata ile ngazi moja ya sebule iliyozama.
- Dada wa kazi analala wapi? Usiseme "tutaona". Stoo isiyo na dirisha sio chumba cha mtu.
- Wageni wenu ni wa kukaa masaa mawili au wa kukaa miezi miwili?
- Shughuli. Msiba, kipaimara, maulidi, kumuaga binti. Turubai litafungwa wapi? Watu wanajaza kiwanja chote nyumba na bustani, siku ya msiba majirani wanakaa barabarani.
- Kuku, gari, mbwa, biashara ya kuuza maziwa au barafu pale getini. Yote sema.

Kama ni Waislamu, mwambieni msanifu choo kisikae mtu akaelekea kibla wala kuipa mgongo. Kwa hapa Dodoma kibla ni karibu kaskazini kabisa, inaelekea mashariki kidogo tu, kwahiyo choo cha kukaa au cha kuchuchumaa kikilala mashariki magharibi mambo yanakuwa shwari. Kwenye karatasi kukigeuza ni dakika mbili. Baada ya bomba kufukiwa mnabomoa sakafu.

Waje wote wenye sauti

Baba anakuja peke yake vikao vyote, analipa, anasaini. Siku msingi unachimbwa mama anafika saiti kwa mara ya kwanza anauliza "sasa hapa ndo jikoni? mbona mtu akiwa sebuleni ananiona mpaka sufuria". Hapo hata ukimwonyesha saini ya mume wake haisaidii kitu. Kama ni mke na mume mje wote kikao cha kwanza na kile cha kupitisha mchoro, vya katikati mnaweza kuachiana. Na msimjibie mwenzako. Mimi nikimuuliza mama kuhusu jiko baba akajibu, huwa namuuliza mama tena, taratibu tu, "mama wewe unaonaje?", mpaka aongee yeye.

Wanaojengea wazazi hii iwahusu zaidi. Kijana yuko Dar au Mwanza, anatuma hela, anataka mzee apumzike kwenye nyumba nzuri kule Kondoa. Ameshaamua kila kitu kwenye simu. Mimi nikienda kuona kiwanja nakaa na mzee kwenye kigoda nje. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mzee, kijana amesema choo kiwe ndani, hapa pembeni ya sehemu ya kulia chakula. Wewe umekubaliana nacho?"

"Aah, nyie ndo mnajua. Wekeni tu."

Hilo jibu usilichukue kama ndio. Mzee ambaye kweli amekubali atakuuliza kitu kinachofuata, atakuuliza maji yatatoka wapi, mlango uko upande gani. Akisema nyie ndo mnajua maana yake hataki kumvunjia mwanae heshima mbele ya mgeni. Nikirudi kwa mlango mwingine, "mzee kama ingekuwa ni wewe unajenga, choo ungekiweka wapi?", hapo anasimama kabisa anaonyesha na fimbo, pale, nyuma, mlango usitazamane na watu wanaokula. Basi tunakipeleka mwisho wa koridoni, mlango unaangalia ukuta, kijana anapata choo chake cha ndani na mzee anakula kwa amani. Kijana kule Dar hata hajui kulikuwa na mgogoro.

Hela, itaje

Mficha uchi hazai. Mteja anaogopa akitaja bajeti msanifu ataitafuna yote, kwahiyo anasema "wewe chora tu, hela Mungu atasaidia". Sawa, nachora, na kwa sababu sijui mwisho wako nachora kila ulichotaja, inatoka nyumba ya mita za mraba 220 na paa la kuficha, lile linalofichwa nyuma ya ukuta, inapendeza kwenye picha, unaituma kwenye grupu la familia wote wanakupongeza. Mkadiriaji akipiga hesabu ndo kimya kinaanza. Tunaanza kukata, na nyumba iliyokatwa sio sawa na nyumba iliyofikiriwa ndogo toka mwanzo, unabaki na koridoni ya jumba kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mapagale mengi unayoyaona ukipita Nzuguni na Nala hadithi yake inaanzia hapo, sio kwamba mwenye nyumba alifulia ghafla, ni kwamba nyumba ilichorwa bila kumuuliza mfuko.

Namna ya kuisema: taja kiasi ulichonacho mkononi sasa, taja unachoweza kuingiza kila mwezi au kila mwaka, alafu taja siku unayotaka kuhamia hata kama haijaisha. Hiyo ya tatu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kama utajenga kwa awamu, na wengi tunajenga hivyo, msanifu ajue kabla hajachora paa. Nyumba ya kuanza na vyumba viwili na jiko alafu iongezwe upande wa nyuma inachorwa tofauti kabisa, paa linakaa kwa namna ya kupokea lile litakalokuja, ukuta wa mwisho unaachiwa mlango uliozibwa kwa tofali, mabomba yanaachiwa midomo. Ukija kuongezea bila kupanga unapata ule mfereji wa bati katikati ya mapaa mawili ambao unavuja kila masika mpaka watoto wanamaliza chuo.

Na ukitaja bajeti uliza: hii ni pamoja na nini? Fensi, geti, shimo la choo, tenki la maji, kuvuta umeme, kabati za jikoni. Mara nyingi hivi havimo kwenye ile hesabu ya "kila mita ya mraba ni shilingi kadhaa" mnayopeana barabarani. Msanifu akikwepa hili swali mbane, mwambie nataka kumwona mkadiriaji kabla hatujaenda kwenye michoro ya mwisho.

Maswali ya Dodoma ambayo lazima umuulize

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wamehamia toka serikali ilipoanza kuja huku kwa kasi mwaka 2016, wanakuja na ramani za Dar na za Arusha, na hii nchi ya Wagogo ina tabia zake.

Jua kwanza. Sisi tuko kusini mwa ikweta kama nyuzi 6 hivi. Toka mwezi Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linapita kusini. Jua la juu namna hiyo ukilitegea paa lililotoka nje kidogo, tuseme sentimita 80 au 90, linazuilika vizuri. Linalokuumiza ni la magharibi jioni, lile linaingia limelala, paa haliwezi kulizuia. Sasa weka chumba cha kulala upande wa magharibi chenye dirisha kubwa la alumini na kioo kile kinachofunguka nusu tu, Oktoba na Novemba utalala sebuleni. Kwahiyo swali ni: vyumba vyetu vinatazama wapi, na upande wa magharibi umeweka nini? Jibu zuri ni stoo, vyoo, ngazi, gereji, au mti.

Upepo. Kiangazi upepo wa huku unatoka sana upande wa mashariki na kusini mashariki na unabeba vumbi, mnajua wenyewe nguo nyeupe zinavyokuwa Agosti. Uliza jiko la mkaa na shimo la choo vimekaa upande ambao upepo unavipeleka nje au unavileta sebuleni. Kwenye kiwanja kilichobanwa huwezi kupata yote lakini angalau mjadiliane mkijua mnaacha nini.

Udongo. Kuna maeneo ya mji huu yana udongo wa mfinyanzi mweusi, ule wa mbuga, ukilowa unavimba ukikauka unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia. Nyumba iliyowekwa msingi wa kawaida juu yake inapasuka kwenye kona za madirisha hata kama fundi alikuwa mtaalamu. Na tuko jirani na bonde la ufa, matetemeko madogo yanapitaga. Hapa usikubali msanifu akupe jibu la mdomo. Chimbeni shimo moja au mawili pale kiwanjani, mhandisi aone udongo kabla ya kuamua msingi. Mwambie msanifu hivi: nani amekuja kuangalia udongo na lini? Kama hakuna aliyekuja, mchoro wa msingi ulionao ni wa kiwanja cha mtu mwingine.

Maji. DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, wanatutolea maji kwenye visima vya Mzakwe kwa sehemu kubwa na mji umekua, mgao upo. Simtanki linatakiwa kuwa na nyumba yake kwenye mchoro, mnara wake, uzito wake uhesabiwe, sio fundi anakuja kuweka vyuma nyuma ya dirisha la masta baadae. Na mvua yetu ni chache, kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, lakini watu wanaidharau bure. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150 linapokea zaidi ya lita 85,000 kwa msimu, ukitoa zinazopotea bado unabaki na zaidi ya 60,000. Huwezi kuhifadhi zote, tenki la chini la ukubwa huo ni hela nyingi, ila hata la lita 20,000 chini ya sehemu ya kupaki gari linabadilisha maisha. Shida ni kwamba lazima tenki lisemwe kabla ya msingi, maana linachimbwa wakati mmoja na msingi, na mifereji ya paa inatakiwa iteremkie upande huo.

Hapo ndo unapofika kwenye paa la kuficha, maana kila mteja siku hizi analitaka. Mimi silipingi. Ila msanifu wako akuambie waziwazi kwamba mifereji iko ndani ya ukuta, vumbi na majani yanajaa humo miezi saba ya kiangazi, mvua ya kwanza ya Desemba inakuta njia imeziba na maji yanarudi kwenye jipsamu. Kama unalitaka, uliza nani atapanda kulisafisha mwezi wa kumi na moja na atapandia wapi. Kama ngazi ya kupandia haipo kwenye mchoro basi hajalifikiria.

Kuisoma ramani bila kuwa msanifu

Chukua tepu. Nenda nyumbani unakokaa sasa hivi, hata kama ni pa kupanga, pima chumba chako, pima kitanda, kabati, meza ya kulia, friji, kochi. Andika. Sasa angalia ramani.

Mfano wa chumba cha mita 3 kwa 3, kipo kwenye ramani nyingi sana. Muulize msanifu: hizo mita 3 umepima toka wapi mpaka wapi? Wengi tunapima katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta. Tofali za inchi 6 zikilazwa, ukuta unakuwa na unene wa sentimita 23, ongeza plasta kila upande, chumba chako cha mita 3 kimebaki mita 2.74 za kweli. Kitanda cha sita kwa sita na fremu yake kinakula kama mita 1.90, kabati linakula sentimita 60. Vikikaa mstari mmoja unabakiwa na sentimita 24 za kupita. Huwezi kufungua mlango wa kabati, achilia mbali kuchutama utafute viatu. Namba iliyoandikwa haikuwa ya uongo, ila hakuna aliyekuambia. Mwambie akuandikie vipimo vya ndani kwenye nakala yako, na akuchoree fenicha kwa skeli ileile, sio vile vitanda vidogo vya mapambo vinavyofanya chumba kionekane uwanja.

Alafu tembea na kidole. Umeshuka kwenye gari na mifuko ya soko la Majengo, mvua inanyesha, mpaka jikoni unapita wapi? Saa nane usiku mtoto anaumwa tumbo, toka kitandani mpaka chooni anapita milango mingapi na swichi ya taa iko upande gani wa mlango? Mgeni kakaa sebuleni, anaona nini mlango wa koridoni ukiwa wazi? Fanya hivyo na kila mtu wa nyumbani, watoto wanaona vitu ambavyo wakubwa hatuvioni.

Na kama unaweza fanya hili, ni la bei rahisi mno: nendeni kiwanjani na kamba, vigingi na majivu, mchore nyumba chini kwa ukubwa wake. Watu wanashtukaga. Kikiwa chini ya anga wazi chumba kinaonekana kidogo kuliko kitakavyokuwa kikipata kuta, hilo lijue usije ukapanikia ukaongeza nyumba nzima bure, ndo maana beba na kile kipimo cha kitanda. Kinachoonekana vizuri zaidi pale ni nafasi ya nje, gari linageuka au haligeuki, jirani anaona choo chako au haoni.

Picha na WhatsApp

Mteja anatuma picha arobaini kutoka Pinterest, nyumba ya Ghana, ya Afrika Kusini, ya Marekani, anaandika "kitu kama hiki". Kama hiki kipi? Inaweza ikawa rangi, au dirisha, au ile nyasi ya mbele ambayo huku kwetu itakunywa maji kuliko familia. Tuma picha chache na kila moja sema neno moja unalolipenda na neno moja usilolipenda. Ile ya "silipendi" inanisaidiaga zaidi.

Voisi ni nzuri kwa kuelezea, mbaya kwa kukumbuka. Mkishaongea, mmoja wenu aandike ujumbe mfupi, mimi nawashauri mteja aandike mwenyewe: "Tumekubaliana leo, choo cha public kihamie mwisho wa koridoni, dirisha la jiko liongezwe, masta ibaki ilivyo. Mchoro mpya Ijumaa." Msanifu ajibu nimekubali. Siku mnagombana, na huwa mnagombana, mnarudi pale mnasoma.

Kila mchoro uwe na tarehe na namba kwenye kona. Nimeshakuta fundi ana PDF tatu kwenye simu yake, moja inaitwa final, nyingine final mpya, nyingine final kabisa, anajenga kwa ile ambayo simu imeifungua haraka. Mkipitisha mchoro upya printi karatasi kubwa, saini wote wawili, za zamani zifutwe kwenye simu ya fundi ukiwa umesimama pale.

Kwenye mkataba iandikwe mabadiliko mangapi yamo ndani ya bei na yanayozidi yanalipwaje. Wateja wanaona hili kama uchoyo. Ila kuhamisha ukuta kabla mhandisi hajaanza hesabu zake ni kazi ya jioni moja, baada ya hapo nguzo, bimu na BOQ vyote vinarudiwa na watu watatu tofauti. Na mtaje mtu mmoja wa kutoa neno la mwisho, vinginevyo shemeji wa Morogoro naye atatuma voisi yake.

Kwa wenzangu wa upande wa kalamu

Acheni kuuliza "umeipenda?" Kwa adabu zetu hilo swali lina jibu moja tu. Uliza "ungeambiwa utoe kitu kimoja humu ungetoa nini?" Mtu analegea, anaongea. Na usimwonyeshe mteja ile picha ya rangi yenye gari la kifahari na machweo kabla hajapitisha plani, maana akishaipenda picha hasikii tena habari za sentimita 24. Mteja akisema kitu ambacho kitaalamu hakifai mwambie hapohapo na sababu yake, mkavu lakini kwa heshima, "bosi hiki nitakuchorea ukitaka, ila ndani ya miaka miwili kitakufanya hivi na hivi". Ukinyamaza ili usipoteze kazi utaipoteza kazi ya ndugu zake wote nyumba ikishavuja.

Kibali na saiti

Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri ya jiji, maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Toka CDA, ile mamlaka iliyokuwa inasimamia ustawishaji wa mji, ivunjwe mwaka 2017 shughuli zake zilihamia huko. Mpe msanifu hati na masharti ya kiwanja chako kabla hajaanza kuchora sio baada, kwa sababu matumizi ya kiwanja na umbali wa kuacha toka mpakani vinaamua nyumba ikae wapi. Na ukishapata kibali ukabadilisha nyumba, mwambie msanifu, mchoro uliopitishwa na nyumba iliyosimama visitofautiane.

Kikao cha saiti kipange hata kama unaishi mbali. Treni ya SGR imefika Dodoma toka 2024, mtu wa Dar anaweza kuja asubuhi akarudi jioni. Kama huna nafasi ya kuja mara nyingi chagua nyakati tatu: wakati wa kuseti msingi kabla haujachimbwa, kabla ya kumwaga lenta, ile bimu ya juu ya madirisha na milango, na kabla ya plasta. Kwenye kuseti msingi mpime vyumba vyote na ile karatasi yenye saini. Kabla ya lenta simama kwenye kila dirisha, kaa kabisa kwenye ndoo uone ukiwa umekaa unaona nje au unaona tofali, maana kimo cha dirisha ndo kitu mafundi wanakibadilisha sana bila kukuambia. Kabla ya plasta pita na fundi umeme na chaki, weka alama kila swichi na soketi ukutani, ukiwa umeshika ile orodha yako ya friji, kitanda na televisheni, mpige picha kuta zote na mabomba yake, umtumie msanifu siku hiyohiyo.